Ngazi ya Tano na Shimo la Ndizi

Alhamisi, 14 Julai 1988

Nimerudi Igurwa. Magoti yananiuma na baiskeli imepoteza pedali moja nilipotoka Bugene, lakini mimi si yule Celestin Hategekimana aliyeondoka hapa juzi. Niandike haraka kabla sijasahau.

Semina ya maendeleo huko Bugene ilikuwa ya siku mbili. Mkufunzi wetu, Bwana Kaijage, ni mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alichora ubaoni kitu kama paa la msonge, akakikata vipande vitano, akasema hizo ndizo ngazi za mwanadamu. Ya kwanza ni chakula. Ya pili, usalama. Ya tatu, kupendwa na watu wako. Ya nne, heshima. Ya tano ndiyo kilele: hapo mtu anafikia uwezo wake wote. Akasema watu wengi wanazikwa wakiwa bado ngazi ya pili. Nina miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna ngazi!

Sasa, mtu anaifikiaje hiyo ya tano? Bwana Kaijage alieleza. Alieleza vizuri mno, nasikia watu walilia. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya chai. Kulikuwa na fununu kwamba maandazi hayatoshi, na fununu ilikuwa ya kweli. Mbele yangu alisimama mtu mwenye kofia pana ya kiangazi, sikumwona uso, akachukua maandazi manne. Nikabakiziwa moja lililoungua. Niliporudi, Bwana Kaijage alikuwa anafuta ubao. Kwenye daftari langu imeandikwa tano, halafu weupe mtupu.

Na wakati ndio huu. Jumamosi ijayo, tarehe 23, wakwe wanakuja. Ni wafugaji wa Songambele, wanamtaka mdogo wangu Anonciata awe mke wa kijana wao Nuwagaba. Baba hayupo duniani, kwa hiyo rubisi, pombe ya ndizi ya kuwapokea, naitengeneza mimi, kaka mkubwa. Huku kwetu nyumba hupimwa kwa rubisi yake. Miaka minne iliyopita walikuja wakwe wengine kwa ajili ya Anonciata huyo huyo, na rubisi niliyotengeneza ilikuwa na kasoro ndogo. Wazee waliitema. Hawakurudi tena.

Mpango wangu ni rahisi. Nipande ngazi zote katika siku tisa, niwapokee wakwe nikiwa kileleni.

Ijumaa, 15 Julai

Asubuhi nimemfuata jirani yangu Mbonimpa kwenye mibuni yake. Naye alikuwa kwenye semina, na tangu jana anamwambia kila mtu kwamba alikaa mstari wa mbele. Nilimwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ngazi ya tano ni nini hasa. Aliendelea kuchuma kahawa. Kisha akasema ngazi ya tano haisimuliwi, ukifika utajua. Akatabasamu! Tabasamu la mtu aliyekwisha fika. Mbonimpa, ambaye mwaka jana aliezeka choo kikaanguka!

Nimeanza mwenyewe. Ngazi ya kwanza, chakula. Nimekula ndizi na maharage mara mbili kabla ya saa nne, na sehemu ya Mama nimeila pia, kwa ajili ya maendeleo. Baada ya hapo sikuweza kuinama. Mikungu ya ndizi za pombe ameikata mke wangu Therese peke yake. Nilimwelekeza kutoka kwenye mkeka.

Mchana, ngazi ya pili, usalama. Nimetengeneza komeo imara la mlango wa mbele. Nikaingia ndani kuona kama linatosha usalama, Therese akalifunga kulijaribu. Ndipo ilipoonekana kwamba nimelipigilia upande wa nje. Therese akaenda kisimani. Aliporudi alisema alisahau.

Komeo lile halitikisiki, nilijaribu kwa saa nzima. Ngazi mbili kwa siku moja.

Jumamosi, 16 Julai

Leo tumefukia ndizi. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, nikawasha humo majani makavu ya migomba mpaka kuta zikapata joto, nikatandika majani mabichi, nikapanga mikungu, nikafunika kwa majani na udongo. Siku sita, basi. Ijumaa tunafukua zikiwa mbivu, tunazikanyaga kwenye mtumbwi wa mbao mpaka maji yatoke, tunatia mtama uliokaangwa na kusagwa, na Jumamosi ni rubisi.

Therese alitaka kusimamia kazi. Nikamweleza kwamba mtu aliye njiani kwenda ngazi ya tatu hasimamiwi. Aliniangalia kwa muda. Akaangalia shimo. Kisha akachagua mikungu mitano iliyo mizuri, akaondoka nayo kwa safari mbili, akasema anampelekea mama yake ng'ambo ya kilima. Moyo wa kutoa anao, sina ubishi. Ila amechagua wakati mbaya.

Mama alitoka na fimbo yake. Mama yangu, Mukandekezi, haongei sana, lakini akisimama mahali ujue ana neno. Alisema shimo halifunguliwi kabla ya siku, joto likitoka halirudi. Mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwa heshima kwamba methali haisemi mvumilivu asichungulie. Akarudi ndani.

Jumapili, 17 Julai

Kanisani nimemwuliza katekista ngazi ya tano. Akasema ni utakatifu, na akanikumbusha kwamba zamu yangu ya kufagia kanisa ilikuwa mwezi uliopita. Nimemwuliza shangazi mmoja mlangoni. Akasema ni kuwa na wajukuu. Mwingine akasema ni bati. Watu wawili wamenielekeza kwa Mbonimpa!

Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nikakaa kando ya shimo kutafakari. Nikakumbuka Bwana Kaijage alisema mtu ajipime kila siku aone amefika wapi. Sasa kama mimi napimwa kila siku, ndizi ni nani zisipimwe? Nikatoboa udongo kidogo, tundu la kuingia mkono tu. Hewa ya joto ikanipiga usoni, tamu, ina moshi. Nikabonyeza ndizi moja. Ngumu. Nikafunika.

Hakuna aliyeona isipokuwa kuku.

Jumatatu, 18 Julai

Ngazi ya tatu, kupendwa. Nimefikiri ni wapi watu wanapendana kwa uhakika, nikajibu: kwaya. Saa tisa nikaenda mazoezini na kujiunga. Mwalimu wa kwaya aliniweka sauti ya nne. Baada ya ubeti mmoja akanihamishia karibu na mlango. Baada ya wa pili akasema wimbo huu unahitaji pia mtu wa kusikiliza nje, aone kama sauti zinafika. Nilisikiliza kwa makini. Nilipoingia kuwapa taarifa walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani kwa mlango mwingine.

Njiani nimepoteza saa nyingine kwa upuuzi. Ng'ombe wa Mbonimpa alikuwa amefungwa kando ya njia, yule mwekundu mwenye pembe ndefu. Nikasimama. Nikajikuta namsifia, kama marehemu Baba alivyokuwa akiwasifia ng'ombe. Baba alivuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa na ng'ombe mmoja tu, lakini alikuwa na maneno ya kutosha ng'ombe mia. Maneno yalinijia yenyewe. Jua likazama nusu bila mimi kujua. Ng'ombe naye akaacha kutafuna. Nilipogutuka niliona aibu, mtu mzima anaongea na mnyama badala ya kujiendeleza.

Nimeangalia shimo mara mbili. Bado ngumu. Sijui zinangoja nini.

Jumanne, 19 Julai

Ngazi ya nne, heshima. Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Heshima huonekana kwenye shikamoo. Kwa hiyo nimevaa koti la marehemu Baba, nimeweka kiti kando ya barabara, nikaketi kupokea. Hadi saa sita nilikuwa na shikamoo kumi na moja. Moja ilikuwa ya mtu aliyemsalimu mzee aliyekuwa nyuma yangu, lakini niliiitikia mimi kwanza, kwa hiyo ni yangu.

Ndipo Mbonimpa akaleta benchi. Akaketi ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi, kama vile barabara ni ya baba yake. Akaweka redio juu ya goti. Watu wakaanza kukusanyika kwake, wanamsalimia, wanaketi, wanasikiliza taarifa ya habari. Hata Mama! Mama yangu mzazi alipita mbele ya kiti changu na fimbo yake, akavuka, akaketi kwa Mbonimpa.

Nilitaka kusimama kwa hasira lakini koti lilikuwa limenasa kwenye msumari. Nimerudi nyumbani na kiti kimening'inia nyuma. Naweza kusema ngazi ya nne nimeigusa.

Shimo: mara nne. Safari hii nimefungua pana zaidi, maana kwa tundu dogo huoni zile za chini. Za juu zimebadilika rangi kidogo. Au ni kivuli?

Alhamisi, 21 Julai

Jana sikuandika. Nilikuwa shimoni karibu siku nzima.

Leo Anonciata amenikuta. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono mmoja umezama mpaka begani. Akauliza, "Kaka, unafanya nini?" Nikasema napima maendeleo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliketi chini kwenye udongo na kanga yake safi, akavunja kijiti vipande vipande, na aliposema aliongea polepole.

"Mara ile ya kwanza nilinyamaza, kaka. Nimechekwa kisimani miaka minne, nimenyamaza. Lakini Nuwagaba nampenda. Nina miaka ishirini na saba. Wakiondoka hawa, hakuna wengine wanaokuja."

Iliniuma. Niseme kweli, iliniuma mahali ambapo hapamo kwenye mchoro wa Bwana Kaijage. Nikamwahidi kwamba sitafungua tena. Akafuta macho, akaniomba jambo moja. Wakwe watakuja na ng'ombe. Angependa nimsifie ng'ombe huyo kama Baba alivyokuwa akifanya, maana wale ni wafugaji, wanayajua maneno hayo, na yeye hajayasikia tangu Baba azikwe. Nikamweleza taratibu kwamba mambo hayo ni ya zamani, hayamo kwenye ngazi yoyote. Mimi nimeandaa hotuba kuhusu hatua tano za mwanadamu. Alisema sawa. Akaingia ndani.

Nikaufunika udongo vizuri. Lakini nilipoweka kiganja juu nikaona joto limepungua. Ahadi yangu ilikuwa kutofungua, si kutosaidia. Nikawasha kimoto upande wa kushoto, kufidia.

Ijumaa, 22 Julai

Tumefukua.

Upande wa kulia ndizi ni kijani, ngumu kama mawe. Upande wa kushoto zimeiva kwa moto, nyeusi, zimepasuka, zinanuka kama sufuria lililosahauliwa. Katikati tumepata vichane vitatu vya njano. Nikasema tusikate tamaa. Nikanawa miguu, nikaingia kwenye mtumbwi na majani yangu ya kukamulia, nikakanyaga. Nilikanyaga tangu asubuhi hadi saa saba. Zile ngumu zilinitelezesha, nikaanguka mara mbili. Maji yaliyotoka hayakujaza kikombe, na yalikuwa na majivu.

Mama aliangalia kikombe, akaenda ndani. Anonciata akamfuata. Therese hakuwepo, alikwenda kwa mama yake alfajiri. Mke gani anaondoka siku kama ya leo!

Nimefikiria la kufanya. Kwanza, nimekwenda kwa Mbonimpa kuomba rubisi. Hana, na aliniambia hana huku akitabasamu vile vile. Pili, nimefikiria kuwaambia wakwe kwamba nyumba hii imeokoka juzi na haitumii kileo. Lakini Mama tayari ameagiza mirija ya kunywea kijiji kizima. Tatu, nimefikiria kuugua.

Naandika haya nikiwa kwenye mibuni, nimejificha. Naona aibu, na naogopa kesho. Nimejaribu kujua niko ngazi ya ngapi. Chakula sijala, mlango wangu unafungwa kutoka nje, hakuna anayenisemesha. Nadhani niko chini ya ngazi ya kwanza. Bwana Kaijage hakuchora chini.

Jumamosi, 23 Julai

Sijui nianzie wapi. Sielewi chochote kilichotokea leo.

Saa mbili asubuhi Therese alitokea kilimani. Nyuma yake dada zake wanne, kila mmoja na kibuyu kichwani, wanatembea kwa uangalifu. Rubisi! Mikungu ile mitano hakumpelekea mama yake zawadi. Aliifukia huko siku ile ile ya Jumamosi, wakaiacha siku sita, wakakanyaga jana. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alitua kibuyu chake, akajifunga kanga upya.

"Nakujua, mume wangu," alisema. "Ningekuambia, ungekwenda kuifungua."

Sikuwa na muda wa kukanusha. Wakwe waliingia saa nne na ng'ombe wao mweusi mwenye paji jeupe, wamelala njiani kwa ndugu zao. Mshenga wao ni mzee Rweyemamu, mrefu, ana blanketi begani na hacheki. Tuliwapa shikamoo, tukawapa viti, tukawapa mirija. Mzee Rweyemamu alivuta. Nilimwona Anonciata mlangoni, ameshika kizingiti kwa mikono miwili. Mzee akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi, akasema hii ni rubisi ya nyumba inayojua kutulia. Akauliza ni nani aliyeitengeneza.

Desturi inataka mwenye nyumba ajibu. Therese aliangalia mkeka. Nikasema ni mimi. Akaniuliza siri yake ni nini. Nami, kwa kuwa mtu wa semina hafichi maarifa, nikamweleza: unafungua shimo kila siku, mara nne ikiwezekana, unabonyeza, halafu siku ya mwisho unawasha moto pembeni. Mzee Rweyemamu alicheka mpaka akapaliwa. Wakampiga mgongoni. Alisema tangu azaliwe hajasikia mwenyeji anayefanya utani kwa uso mkavu namna hiyo. Sijui utani ni upi.

Ulipofika wakati wa ng'ombe nikasimama kutoa hotuba. Nikasema, wageni waheshimiwa, mwanadamu ana ngazi tano. Nikaeleza ya kwanza. Nikaeleza ya pili. Wazee walianza kuangaliana. Mjomba wa Nuwagaba akapiga miayo. Nilipofika ya tatu nikafungua karatasi, na karatasi ilikuwa imelowa jasho, wino umekuwa bahari. Nikatafuta neno. Hakuna. Mbonimpa akakohoa. Nikainua macho ili nisimwone mtu yeyote, na mbele yangu alikuwa yule ng'ombe, ananiangalia.

Sijui nilianzaje. Nakumbuka kidogo tu:

"Wewe Mweusi, usiku ulikuazima ngozi ukasahau kuidai. Uliruka mto, kwato zako hazikuujulisha. Pembe zako zimeinama kama wazee wanaosikiliza mvua. Ndama wako akilia, vilima vinaamka kumtafutia jibu."

Nikaendelea. Baba alikuwa anasema hivyo, lakini maneno hayakuwa ya Baba, sijui yalikuwa ya nani. Nilisahau koti. Nilisahau Mbonimpa. Nilipomaliza nilikuwa nimeinua mikono kama pembe, na ng'ombe alikuwa ameweka pua yake kifuani mwangu. Mama alikuwa analia bila kujificha. Mzee Rweyemamu alijifuta macho kwa blanketi, akasema maswali mengine yote aliyokuja nayo ameyaacha, binti amekubaliwa, na nyumba hii sasa ni ndugu zao. Anonciata alikimbilia ndani, tukasikia akicheka huko.

Therese aliniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia tangu mwaka ule aliponikubali. Nilimwuliza kama nina kitu usoni.

Kwa kifupi, hotuba imeharibika. Nimeishia ngazi ya tatu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ya nne.

Nyongeza. Jioni, wageni wakiaga, Mbonimpa alikwenda kuchukua kofia yake aliyoining'iniza mgombani. Kofia pana ya kiangazi! Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Jirani, maandazi manne." Alijaribu kutabasamu, safari hii tabasamu halikuja. Akakiri. Naye hakusikia ngazi ya tano. Naye amezunguka wiki nzima akiuliza watu, na wote wamemwambia aniulize mimi.

Jumapili, 24 Julai

Baada ya misa watu watatu wamenijia, mmoja baada ya mwingine. Wana sherehe, wana ng'ombe, wanaomba nije kusifia. Mmoja ametoka Songambele kwa baiskeli kwa ajili hiyo tu. Nimewakatalia wote kwa upole. Nimewaeleza kwamba kwa sasa nina shughuli, natafuta namna ya kufikia uwezo wangu wote, na mambo ya ng'ombe yatanirudisha nyuma.

Therese alisikia. Tulipofika nyumbani aliketi jikoni, akacheka, akafuta macho, nadhani ni moshi. Kisha akaniambia kwamba yeye anajua ngazi ya tano ni nini. Amejua tangu jana saa nane mchana. Atanieleza, ila kwa sharti moja. Nifukie kitu, kitu chochote, nikiache siku sita bila kukigusa.

Kwani hilo ni jambo? Nimechukua shoka, nimekata mikungu miwili iliyobaki, nimepasha shimo moto upya. Nimefikiria nitie nini ndani yake ambacho mtu angeshawishika kukifungua, ili ushindi uwe ushindi. Nimeamua ni daftari hili. Nalifunga kwenye jani la mgomba, nalilaza katikati ya ndizi, juu udongo. Wala sitapita nyuma ya nyumba. Niliahidi, na safari hii nimeahidi kutosaidia pia.

Kwaheri, daftari, hadi Jumamosi tarehe 30. Tukionana tutakuwa tumeiva wote wawili.

Jumatatu, 25 Julai

Asubuhi. Shimo lina joto zuri. Kurasa zimejikunja kidogo na zinanuka moshi, lakini wino unasomeka. Ndizi bado ngumu. Therese yuko kisimani. Nimefungua mara moja tu, niandike kwamba mpaka sasa sijafungua.